Mjadala: Je, kompyuta ifundishwe ndani ya kila kozi ya chuo?

Mtoa mada:
Ndugu wanajamvi, naweka hoja mezani. Kwa wanafunzi wasiosomea kompyuta, lile somo la pembeni la muhula mmoja lifutwe, na uandishi wa programu pamoja na uchakataji wa takwimu uingizwe ndani ya uchumi, uuguzi, historia na kilimo, ukifundishwa na walimu wa fani hizo hizo.

Mfano wangu ni wa uchumi. Mwaka 2010 wanauchumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha makala iliyodai kwamba deni la serikali likizidi asilimia 90 ya pato la taifa, wastani wa ukuaji wa uchumi katika nchi tajiri hushuka hadi asilimia hasi 0.1, yaani uchumi hunywea, na wanasiasa wa Ulaya na Marekani wakaishikilia kutetea kubana matumizi. Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamivu wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, alipewa zoezi la darasani la kurudia hesabu za makala iliyokwisha kuchapishwa, akachagua hiyo, majibu yakakataa kulingana. Alipotumiwa faili lenyewe la Excel, programu ya majedwali ya hesabu, aligundua kwamba fomula ya wastani ilianzia mstari wa 30 ikakomea wa 44 badala ya 49, kwa hiyo Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark hazikuhesabiwa. Matokeo yake yalitoka mwaka 2013, na wastani ukawa asilimia 2.2. Zoezi hilo, tafadhali zingatieni, lilitolewa na idara ya uchumi.

Mchangiaji wa kwanza:
Mtoa mada, umesimulia nusu. Kosa la fomula lilichangia kidogo tu. Lililopotosha zaidi ni kuacha baadhi ya miaka, na kuipa New Zealand, iliyobakiwa na mwaka mmoja wa deni kubwa ambao uchumi wake ulinywea kwa asilimia 7.6, uzito sawa katika wastani na Uingereza yenye miaka 19 ya deni kama hilo. Programu yoyote ingekokotoa hivyo bila kulalamika. Tena, mhadhiri wa uuguzi mwenye darasa lililofurika na maabara moja inayogombaniwa na kitivo kizima atazitoa wapi saa hizo?

Mtoa mada:
La New Zealand nalikubali, na ndilo linalonipa nguvu, kwa sababu mwalimu wa kompyuta asiyejua uchumi asingeuona uzito huo kuwa tatizo. Saa zitatoka kwenye somo litakalofutwa, ambalo mara nyingi ni kukariri sehemu za kompyuta kwa ajili ya mtihani. Maabara ni kikwazo cha kweli, ingawa kurudia hesabu za makala moja kunahitaji faili moja na kompyuta moja kwa kila kundi.

Mchangiaji wa pili:
Nyote mmemruka mhadhiri. Wengi wetu tunaofundisha hatujawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu, na uchambuzi wa tasnifu zetu tulimlipa mtu atufanyie. Nani atatufundisha sisi, na kwa bajeti ya idara ipi?