Mirija ya kushindilia hewa au chujio na jeti: kipi kinaleta nguvu?

Kishindo: Wakuu, nina bajeti ya kitu kimoja tu. Ama mirija miwili ya kushindilia hewa, kutoka chini ya taa hadi boksi la hewa, ama chujio jepesi (linalopitisha hewa zaidi) na kurekebisha mafuta kwa kubadili jeti (vitundu vya kuyapimia). Kipi?

FundiJeti: Pikipiki gani? Kabureta au injekta? Barabarani au saketi? Bila hayo tunapiga ramli.

GiaSita: Fizikia ni ileile. Shinikizo la upepo hukua kwa mraba wa kasi. Kwa 100 km/h mrija kamilifu unaongeza chini ya asilimia 0.5 ya shinikizo la hewa. Kwa 200 ni kama 1.8, na 300 ndiyo unaiona 4. Chini ya 150 huo ni urembo.

Bastola4: Mbona Kawasaki wanaandika ZX-10R ya 2021 ina farasi 203, na 213 hewa ikishindiliwa? Hiyo ni karibu 5.

GiaSita: Kwenye kasi ya juu kabisa, mkuu. Tena boksi lile lilichorwa pamoja na injini, si mirija ya kupachika.

Upepo: Joto mmelisahau. Hewa ya nyuzi 30 ni nzito kwa takriban asilimia 10 kuliko ya nyuzi 60 iliyozungukia rejeta. Kuvuta hewa ya mbele kunasaidia hata kwa 60 km/h.

Bastola4: Ukishatembea, boksi linapoa lenyewe. Hiyo 10 ni ya foleni.

FundiJeti: Kama ni kabureta, soma hapa. Bakuli la mafuta linapumua kwa vibomba vidogo. Ukishindilia hewa mdomoni mwa kabureta na vibomba vimeachwa nje, mdomo unakuwa na shinikizo kubwa kuliko bakuli, na mafuta hayapandi kwenye jeti. Kwa 200 km/h tofauti inafika sentimita 19 za maji. Mchanganyiko unakauka (mafuta kidogo, hewa nyingi) pale pale unapofungua gesi yote: plagi inakuwa nyeupe, injini inagonga, mwisho pistoni inatoboka. Kwenye dayno (mashine ya kupima nguvu) isiyo na feni kubwa kila kitu kinaonekana sawa, ndiyo maana watu wananaswa. Vibomba lazima viingie ndani ya boksi. Na kama mafuta yanashuka kwa uzito wake bila pampu, bakuli lenye shinikizo litayakataa. Unahitaji tangi lijae sentimita 25 juu yake ili kusawazisha tu.

Kishindo: Suzuki SV650S ya 2001, kabureta. Barabarani, mara chache 160.

GiaSita: Farasi kama 70, mara asilimia 1.2. Hata mmoja hafiki.

Upepo: Pima kwanza. Mrija wa plastiki wa umbo la U wenye maji, ncha moja ndani ya boksi. Kwa 160 utarajie hadi sentimita 12. Ukipata 4, mpira wa boksi unavuja au mirija ni myembamba.

Bastola4: Acha yote, weka sproketi ya mbele ya meno 14 badala ya 15. Msukumo unapanda asilimia 7 kwenye kila gia.

FundiJeti: Na mita itadanganya kama kihisi kinasoma sproketi.

Bastola4: Mita za pikipiki zinadanganya tangu kiwandani.

Kishindo: Je, chujio jepesi bila kubadili jeti?

FundiJeti: Usithubutu. Lililopo ni la karatasi au sponji?