Nimepewa 9 kati ya 20 kwa kusema gemu ni sanaa. Nidai au nikae kimya?

KeteMbili: Wakuu, habari za jioni. Niko kidato cha tano, HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza). Tulipewa insha ya hoja: je, gemu za video ni sanaa? Nikasema ndiyo. Karatasi imerudi na 9, chini kalamu nyekundu: "Mchezo una mshindi. Sanaa haina." Basi, hakuna kingine.

Ushahidi nilitafuta wiki nzima. MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York, lilichukua gemu 14 mwaka 2012, Pac-Man na Tetris zikiwemo. Mahakama ya Juu ya Marekani 2011 ilisema zinalindwa na katiba kama vitabu. Na wimbo "Baba Yetu" wa gemu ya Civilization IV, sala ya Bwana kwa Kiswahili hiki hiki chetu, ulipata Grammy 2011! Niende kwa mwalimu wa taaluma, au nitaonekana mkorofi?

Kijiweni: Hizo gemu ndizo zilizokupa 9, mkuu. Soma.

ChakiNyeupe: Mwanangu, nimesahihisha insha miaka mingi. Usiruke ngazi. Mfuate aliyesahihisha, wakati wa mapumziko, si mbele ya wenzako. Usimuulize kwa nini kakunyima. Muombe akuonyeshe alama zimegawanywaje. Ukikuta umekatwa kwa sababu ya msimamo tu, hapo dai.

Ila sanaa uliifafanua wapi? Umeleta mashahidi watatu bila kusema wanashuhudia nini. MoMA waliziingiza kupitia idara ya usanifu na ubunifu. Msimamizi wao, Paola Antonelli, alisema ni sanaa, lakini wao wamezitazama kama ubunifu. Mahakama ilikuwa inaamua sheria ya California ya kuzuia watoto kuuziwa gemu za ukatili, yaani uhuru wa kujieleza. Na Grammy imeupa tuzo muziki. Gemu yenyewe je?

MwanaWaPwani: Shikamoo mwalimu. KeteMbili, hoja ya mwalimu wako ni ya zamani. Roger Ebert, mhakiki wa filamu wa Chicago, aliiandika 2010: gemu unaweza kuishinda, sanaa huishindi. Miezi michache baadaye akakiri hakupaswa kuzisema bila kuzicheza, ingawa msimamo hakuuacha.

Sasa muulize mwalimu kwa adabu: malumbano ya mashairi hayana mshindi? Beni za Lamu na Mombasa je? Makundi yalishindana kwa nyimbo, mavazi na gwaride, watu wakitumia hadi akiba kuwapiku wenzao. Nani aliwahi kusema ile si sanaa?

Kijiweni: Bao nalo lina mshindi, mbona hatuliiti sanaa? Sanaa ni ule ubao uliochongwa.

MwanaWaPwani: Hujakaa karibu na fundi wa bao akihesabu kete kwa macho, wewe.

ChakiNyeupe: Marahaba. Kijiweni kauliza swali zuri lakini, lisirukwe.

KeteMbili: Nimeisoma tena insha yangu. Mwalimu ChakiNyeupe, sikuifafanua popote, ukurasa wa pili wote ni majina ya gemu tu, naona aibu. Kesho namfuata, nitaomba niandike upya. Naenda na malumbano, Grammy inabaki nyumbani.

ChakiNyeupe: Nenda na karatasi yenyewe mkononi. Na bao liweke humo, kabla hajakuuliza yeye.