Nyaya za joto chini ya marumaru, zulia au hita: kipi kinafaa chumba cha mama, Mwanza?

Mjenzi wa Kiseke
Wakuu, habari za jioni. Karibu namwaga jamvi (zege la sakafu) la chumba cha mama. Ana baridi yabisi, na asubuhi za Juni na Julai akikanyaga marumaru anasema miguu inakufa ganzi. Shemeji aliyeko Finland kanitumia picha za nyaya za umeme zinazolazwa chini ya marumaru. Zinalipa, au nimnunulie zulia au hita tu?

Fundi Waya
Zile huja zimeshonwa kwenye wavu, unazitandaza kama mkeka. Kawaida ni wati 150 kwa mita ya mraba, hivyo chumba cha mita 12 ni wati 1,800. Zikiwaka masaa matano mfululizo ni uniti 9. Themostati, kile kifaa cha kukata umeme joto likitosha, itakuwa inakata, sawa, lakini hata zikila uniti 3 kwa siku, mwezi ukiisha umeshavuka zile uniti 75 za mwezi zinazouzwa kwa bei nafuu, na friji hujaihesabu.

Dada Nyegezi
Hita inapasha hewa, miguu iko palepale kwenye marumaru. Halafu shuka likidondokea juu yake usiku? Hapana.

Mzee wa Makete
Kwetu Juni umande unaganda kwenye majani, na bado tunajikimu kwa zulia nene na soksi. Mwanza mnadeka, wanangu 😂 Ila jiko la mkaa chumbani msithubutu, ile hewa inaua mtu usingizini.

Nondo na Zege
Marumaru na zulia vya chumba kimoja vina joto lilelile, ila marumaru hunyonya joto la mguu upesi. Kwa hiyo zulia linamtosha mama. Pesa ya nyaya nunulia nailoni nzito uitandike chini ya zege, maana unyevu wa ardhini hupanda hadi sakafuni. Na ukilaza nyaya bila bodi ya foamu chini yake, LUKU yako itakuwa inapasha mwamba.

Mjenzi wa Kiseke
Nimewaelewa, zulia na nailoni. Je, bafuni peke yake, mita mbili hivi?

Fundi Waya
Hapo sawa, ni wati 300 tu. Weka breka ya miliampia 30 inayokata umeme ukivuja. Pima ukinzani wa waya kwa kipimo cha umeme (multimita) kabla ya marumaru, kisha upime tena yakishalazwa. Fundi akiukwaruza kwa mwiko usijue, utakuja kubomoa bafu zima.