MREJESHO: Jamu ya stroberi iliyokuwa haigandi

Habari wakuu, mi ndo niliuliza kwa nini jamu yangu ya stroberi inabaki majimaji kama sharubati hata niichemshe vipi. Sasa imeganda jamani, nina furaha hadi basi!

Aliyesema stroberi zina pektini (kile kitu cha asili kwenye matunda kinachogandisha jamu) kidogo abarikiwe, maana kumbe sukari peke yake haitoshi, lazima na uchachu uwepo ndo pektini ishikane, so nimeweka vijiko viwili vikubwa vya maji ya limau kwa kilo moja, nikatumia sufuria pana na moto mkali ili maji yakauke chapu, kwa sababu ukichemsha taratibu mda mrefu pektini yenyewe inaharibika na ile rangi nyekundu inakuwa kahawia. Kipimajoto kilipofika nyuzi 104 za Selsiasi nikadondoshea jamu kidogo kwenye sahani iliyokaa friza, nikasukuma na kidole, ikajikunja. Hapo hapo nikazima.

Chupa nilizichemsha dakika 10 nikajaza jamu ikiwa ya moto bado. Ladha ya limau haisikiki kabisa, ilikuwa inanitia wasiwasi sana hiyo.

Aliyenishauri nipunguze sukari nusu, hapana kwa kweli, sukari ndo inayoitunza jamu isiote ukungu.