Bodiam: ngome ya vita, au nyumba ya tajiri iliyovaa deraya?

Fundi Chokaa:
Wakuu, salaam. Wanahistoria wa Uingereza wamevutana miaka mingi juu ya jengo moja, na mimi upande wangu nimeshauchagua. Ni Bodiam, kule Sussex. Picha yake labda mmeiona hata kama jina hamlijui: boma la pembe nne, minara ya duara kwenye pembe zote, limezungukwa na maji pande zote.

Oktoba 1385 Mfalme Richard II alimpa Sir Edward Dallingridge kibali cha kuijengea nyumba yake ukuta wenye meno (yale mapengo ya juu ya kujikingia na kurushia mishale), ili kulinda eneo lile dhidi ya maadui wa mfalme. Maadui ni Wafaransa, waliovamia miji ya jirani ya Rye mwaka 1377 na Winchelsea mwaka 1380. Wengi hapo hapo wanafunga faili: hati imesema ngome, basi ni ngome.

Mimi nasema ni nyumba. Kibali kilihusu nyumba aliyokuwa nayo tayari, nyumba ya urithi wa mkewe. Dallingridge akaiacha, akaenda kuanza upya kwenye kiwanja kingine karibu na mto Rother. Ingia ndani uone alichojenga. Ua katikati, vyumba vimeuzunguka. Upande wa kusini kuna ukumbi mkuu wa kulia chakula, na mwisho wa ukumbi milango mitatu: mmoja wa stoo ya vinywaji, mmoja wa stoo ya mikate, wa katikati unakupeleka jikoni. Ni mpangilio ule ule wa nyumba ya kabaila yeyote wa zama zile, hata asiyekuwa na ukuta. Meko za kuotea moto zinazidi 30. Vyoo 28! Vimejengwa ndani ya unene wa ukuta, na uchafu unashuka moja kwa moja kwenye handaki la maji. Juu ya mnara mmoja wamefuga njiwa. Kambi gani ya askari ina raha hizo?

Karibuni, ila njooni na hoja.

Askari Mstaafu:
Mkuu, kwani askari haendi chooni?

Tuanze na daraja, maana umeliruka. Siku hizi mgeni anaingia moja kwa moja. Zamani daraja lilianzia ukingo wa magharibi, likafika kwenye kisiwa cha pembe nane, ndipo unakata kona kuelekea lango. Sasa jiweke kwenye viatu vya mvamizi. Ngao umeishika mkono wa kushoto, na ngome iko kuliani kwako. Ubavu wako wote uko wazi kwa wapiga mishale, mwendo wote huo. Ukifika langoni, minara miwili ina matundu ya mizinga, na ndani ya lango dari imeachwa mashimo ya kukumiminia chochote.

Na mwenye nyumba ni nani? Mtu aliyepigana Ufaransa na kurudi na mali. Mwaka 1381 wakulima wameasi. Mwaka 1384 yeye mwenyewe amewekwa ndani kwa ugomvi wake na John of Gaunt, mtoto wa mfalme aliyetangulia. Mtu wa namna hiyo akijenga ukuta, mimi simuulizi sababu.

Fundi Chokaa:
Daraja hilo hilo ndilo ushahidi wangu! Mgeni anazungushwa ili aone boma lote likijiakisi majini kabla hajabisha hodi. Upimaji wa ardhi wa miaka ya 1980 ulieleza mabwawa na matuta ya pale kama mandhari iliyopangwa ili jengo lionekane vizuri. Matundu ya mizinga nayo yamejazana langoni, mahali ambapo kila mgeni atayaona. Halafu nenda upande wa mashariki: ukuta wa nje kabisa umetobolewa dirisha kubwa la kanisa. Na maji yenyewe yamezuiliwa na tuta la udongo. Vijana kadhaa na majembe, usiku mmoja au miwili, handaki limekauka.

Bi Mkubwa:
Wanangu, mnagombania nini? Kilwa tuna Husuni Kubwa, ya karne ya 14. Husuni maana yake ngome. Ndani yake kuna vyumba zaidi ya 100 na bwawa la kuogea la pembe nane. Jina la ngome, maisha ya sultani.

Halafu piteni Masaki, mtaa wa matajiri Dar, mtazame mageti. Ukuta mita tatu, nyaya za umeme juu, geti limenakshiwa dhahabu, mlinzi kavaa sare. Ni kumwogopa mwizi au kumringia jirani? Mkimuuliza mwenyewe hata yeye hatawatenganishia. Huyo Dallingridge wenu alikuwa askari aliyepata hela, akataka watu wajue vyote viwili.

Fundi Chokaa:
Bi Mkubwa, shikamoo. Hapo nakubali nusu. Lakini Masaki sijaona mtu mwenye hofu ya wezi akatoboa dirisha kubwa kwenye ukuta wa nje.

Askari Mstaafu:
Mkuu, dirisha hilo liko juu ya maji. Mfaransa aje akiogelea, ngazi mgongoni, kwenye handaki linalopokea vyoo 28 ulivyovihesabu mwenyewe?