Mbao za mtumbwi wa zamani wa mvule: zinafaa kwa milango ya nyumba?

BintiIgombe

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za leo.

Marehemu baba alikuwa mvuvi wa dagaa hapa Igombe, Mwanza. Mwaka 1987 aliunda mtumbwi wa futi 28, na mama hukumbusha kila mara kwamba waliuza ng'ombe wawili kununulia mbao. Nyumbani hatukuuita mtumbwi, tuliuita "ule mvule". Ulifanya kazi hadi 2009 baba alipougua. Ukapandishwa nchi kavu, ukafudikizwa juu ya mawe chini ya mwembe, na tangu hapo wanaoutumia ni kuku tu, wanatagia humo.

Sasa najenga Buswelu, nimeshapiga lenta. Niliulizia milango ya mninga, bei niliyotajiwa nikarudi nyumbani kimya. Wiki hiyo hiyo mama mmoja anayebanika sangara akaja kuutaka mtumbwi mzima kwa shilingi 80,000 aufanye kuni. Mama alikuwa ameshakubali. Nikamwomba anipe siku saba.

Nimekwangua ubao mmoja kwa kisu. Juu ni kijivu, umechanika kama kisigino cha kiangazi. Chini ya huo ujivu, hata unene wa kucha haufiki, kuna kahawia ya asali, kavu na ngumu, kisu hakiingii. Ila mbao za juu ubavuni, kama nne, zinamung'unyika mkononi, zina vitundu na unga mweupe. Kama zote ni mvule, mbona hizi zimeliwa na zile hazijaguswa?

Fundi wa mashine ya mbao naye kanikatalia, anasema mbao za mtumbwi zitamwulia msumeno. Ni kweli, au hataki kazi yangu tu?

SeremalaMabatini

Dada, hakukwepi. Misumeno inakufa kwa vitu viwili hapo. Cha kwanza ni misumari, hasa ile iliyokatika kichwa, huioni. Tafuta sumaku kwenye spika iliyokufa, ifunge uzi, ipitishe polepole juu ya kila ubao pande zote mbili. Inapovutwa weka alama ya chaki, ung'oe.

Cha pili ni jiwe. Mvule una mawe ndani yake, na sumaku haiyaoni. Nimewahi kupasua ubao mmoja safi kabisa nikakuta kipande cha jiwe cheupe kikubwa kama punje ya hindi, nusu saa nanoa. Mwambie fundi aweke msumeno wa duara wenye meno ya kabaidi na asisukume kwa haraka. Mimi ningeikubali kazi, ila bei ya kunoa ingekuwa juu yako.

MzeeTezo

Marahaba binti yangu. Mwangaluka na wengine wote. Nimeunda mitumbwi Kirumba na visiwani miaka 31. Macho yamepungua, haya anaandika mjukuu wangu nami nasema.

Usiuze. Nianzie hapo, maana siku saba ni chache.

Gogo la mvule lina watu wawili ndani yake. Katikati kuna kiini, na pembeni kuna weupe, upana wa vidole vitatu hivi. Kiini ndicho mchwa hawakitaki na maji hayakiozeshi upesi. Ule weupe hauna kinga hiyo, bungua wanaula kama unga wa muhogo. Fundi mwenye mbao tele huutupa. Fundi ambaye mwenye mali ameishiwa fedha huupandisha juu, kule ubavuni ambako maji hayafiki kila saa, ili mtumbwi utimie. Baba yako au fundi wake alifanya hivyo kwa akili: chini ya maji aliweka kiini kitupu. Ndiyo maana umekaa miaka yote hiyo na mkuku, ule uti wa chini wa mtumbwi, bado mzima, nina hakika ukiugonga unalia.

Kwa hiyo usichague kwa macho, gonga. Chukua nyundo ndogo, pita ubao kwa ubao. Kiini kizima kinatoa sauti kavu, fupi. Ulioliwa unajibu kwa sauti ya kibuyu. Halafu choma kwa ncha ya msumari karibu na mataruma, zile mbavu za ndani za mtumbwi, kwa sababu ndipo maji machafu yalipokuwa yakilala, hata mvule huchoka hapo.

Unataka kujua kama ni mvule kweli? Randa kipande cha kiganja. Mvule ukifunguliwa upya una umanjano, kisha mwanga unaupeleka taratibu kwenye kahawia. Hiyo asali uliyoiona ni umri. Tena tazama randa inavyokwenda: nyuzi za mvule zimepishana, tabaka moja limelalia kulia, linalofuata kushoto. Ukiranda vizuri upande mmoja, hatua mbili mbele zinanyanyuka. Mninga haukusumbui hivyo, na una wekundu. Mkongo ni mzito kuliko huu. Mvule mkavu, mita moja ya ujazo ni kama kilo 650, mtu mmoja anabeba ubao wake bila kuita jirani. Mpingo unapita kilo 1,000 na ukiutupa ziwani unazama.

Kwa mlango, sifa kubwa ya mvule ni kwamba ukishakauka hautembei sana. Mvua za masika hapa kwetu zinavimbisha milango mingi, watu wanaisukuma kwa bega. Mvule uliokauka chini ya mwembe tangu 2009 umeshamaliza kucheza kwake. Huwezi kununua ukavu wa namna hiyo dukani, mbao nyingi za dukani zinafika bado mbichi.

Jambo moja nakusihi. Vumbi la mvule ni kali. Linawasha ngozi, linabana kifua. Nilifanya kazi miaka mingi kifua wazi, nikidhani kikohozi ni cha baridi ya ziwani. Kikohozi kilikuwa kikitulia kila nikipumzika kazi, kinarudi nikishika msumeno, nikachelewa kuelewa. Atakayepiga msasa afunge barakoa nzuri, afanyie nje upepo ukitoka mgongoni, na watoto wasicheze kwenye lile vumbi.

Na yule mama wa sangara, usimpe hata zile zilizooza ikiwa zina rangi au lami. Moshi wake unaingia kwenye samaki, na samaki tunakula sisi.

Miche_Sengerema

Naongezea kidogo upande wa mti, ndiyo kazi yangu. Wataalamu wanauita Milicia excelsa, vitabu vya zamani vitakupa Chlorophora excelsa, na kwenye biashara ya nje unaitwa iroko. Ni ukoo mmoja na mkuyu, mfenesi na mforosadi, ukiukata gome unatoa utomvu mweupe. Yale mawe ni chokaa, mti wenyewe unaitengeneza na kuirundika ndani, mara nyingi karibu na kidonda cha zamani.

Wengi huuliza mbona hatuoteshi mashamba ya mvule kama ya mitiki. Tunajaribu. Kuna mdudu mdogo, Phytolyma, anayetaga kwenye majani machanga, jani linavimba vinundu, kisha linaoza na ncha ya mche inakufa. Ukipanda miche mingi pamoja juani, anaimaliza. Ikichanganywa na miti mingine, chini ya kivuli chepesi, inapona zaidi. Tena mivule ina madume na majike, mti mmoja peke yake shambani hautakupa mbegu, na anayezisambaza kwa wingi ni popo. Kwa hiyo mivule mikubwa ikishakatwa mahali, kurudi kwake ni kwa kusubiri sana.

Dada, kabla hujapakia mbao kwenye gari kutoka Igombe kwenda Buswelu, pita ofisi ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, iliyo karibu uwaeleze kwamba ni mtumbwi uliovunjwa, wakuambie karatasi gani unahitaji. Mbao ngumu zikikutwa barabarani bila hati, maelezo hayasaidii.

BintiIgombe

Nimerudi baada ya wiki tano. Mzee Tezo, shikamoo tena, na ahsante sana.

Tuligonga mbao zote mimi na kaka yangu. Kati ya 26, mbao 17 zililia kavu. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda anasikiliza, na kufika ya nne au ya tano akawa anatujibu yeye kabla yetu: "Nzima. Nzima. Hiyo acha." Sumaku ilipata misumari iliyojificha mingi hadi ikajaza kopo la maziwa. Jiwe lilikuwa moja tu, fundi alilisikia kabla ya kuliona.

Nimepata mlango wa mbele, mlango wa jikoni na fremu zake. Manjano ulilosema lilinishtua, nikadhani tumekosea mti. Sasa ni wiki mbili upo mlangoni, upande wa jua umeanza kurudi kama nilivyouona siku ile nakwangua. Mkuku nimeulaza kizingiti cha mbele. Mama wa sangara nilimweleza habari ya lami, tukamtafutia kuni nyingine.

Swali la mwisho. Bawaba za mlango wa mbele, skrubu mbili zimekatikia ndani ya mbao. Na vanishi ya kwanza ilikaa siku tatu bado inanata.

MzeeTezo

Marahaba mwanangu. Mama yako hongera zake, sikio hilo ni la mtu aliyekaa ufukweni.

Skrubu haziingii kwenye mvule kwa nguvu. Toboa kwanza kwa keekee, tundu jembamba kidogo kuliko skrubu, upake sabuni ya kipande kwenye nyuzi zake, ndipo ukaze kwa mkono. Tumia za shaba nyeupe au zisizoshika kutu, za chuma zitaacha weusi. Zile zilizokatika ziache, sogeza bawaba vidole viwili.

Kunata ni mafuta ya mti wenyewe, yanazuia vanishi kukauka. Kwangua yote. Futa ubao kwa kitambaa chenye tina hadi kitambaa kisitoke na rangi, subiri ukauke, kisha paka siku hiyo hiyo, tabaka jembamba sana. Ya pili kesho yake.