Gharama zisizoshuka mauzo yakishuka: ni tahadhari ya kihasibu au la?

MwanaTasnifu
Wakuu, habari za jioni. Tasnifu yangu inapima tahadhari (yaani hasara kuingizwa vitabuni haraka kuliko faida) katika hesabu za kampuni zilizoorodheshwa Nairobi na Dar es Salaam. Natumia modeli ya Basu ya 1997: faida ya mwaka kwa hisa, kugawanya kwa bei ya mwanzo, dhidi ya mapato ya hisa (badiliko la bei pamoja na gawio), na kigeu cha 0 na 1 kwa mwaka wa habari mbaya (mapato ya hisa yakiwa hasi). Kizigeu cha habari mbaya (namba inayoonyesha faida inavyoitikia zaidi habari mbaya kuliko nzuri) kimetoka kikubwa, hasa viwandani. Msimamizi kaandika pembeni: "Umepima tahadhari au umepima gharama?" Vinahusianaje?

Mizania
Swali la msimamizi wako ni la msingi. Mauzo yakipanda, gharama hupanda nayo, yakishuka, zinang'ang'ania. Anderson, Banker na Janakiraman (2003) waliona kwamba katika kampuni za Marekani, mauzo yakiongezeka 1%, gharama za mauzo na utawala ziliongezeka 0.55%, lakini yakipungua 1% zilipungua 0.35% tu. Si lazima uwe uzembe. Kupunguza watu kuna notisi na kiinua mgongo, kuvunja pango kuna fidia, na meneja anayeamini mauzo yatarudi hamwachishi kazi fundi aliyemfunza mwenyewe.

Piga hesabu. Mauzo milioni 1,000, gharama 800, faida 200. Mauzo yapande 10% na gharama 8%: faida 236. Yashuke 10% na gharama zishuke 4% tu: faida 132. Juu 36, chini 68, na hakuna aliyeweka tengo (kiasi cha hasara inayotarajiwa) wala kufuta thamani ya mali. Kwa kuwa habari mbaya sokoni mara nyingi huja pamoja na mauzo kushuka, modeli yako inaliona pengo hilo na kuliita tahadhari.

Banker, Basu, Byzalov na Chen (2016) walilishughulikia hili. Ongeza vigeu vitatu: badiliko la mauzo kugawanya kwa thamani ile ile ya soko ya mwanzo wa mwaka, kigeu cha 0 na 1 cha mauzo kushuka, na zao la hivyo viwili. Endesha modeli bila vigeu hivyo, kisha navyo, kwa sampuli ile ile kabisa. Watu husahau hili: mwaka wenye mauzo yanayokosekana unadondoka kimyakimya, halafu unalinganisha makundi mawili tofauti.

Mkaguzi_Mwandamizi
Nakubaliana na Mizania, ila msifanye kana kwamba mambo haya mawili hayagusani. Kiwanda chenye gharama zisizobadilika za uzalishaji milioni 300 na uwezo wa kawaida wa vipande 100,000 hubebesha kila kipande shilingi 3,000. Kikizalisha 60,000, IAS 2 (kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa bidhaa ghalani) inaruhusu milioni 180 tu ziingie kwenye bidhaa; milioni 120 zinakwenda moja kwa moja kwenye matumizi ya mwaka. Hapo gharama sugu inaishusha faida kwa amri ya kiwango. Tena gharama zisizoshuka hupunguza fedha zinazotarajiwa kutoka kwa mtambo, hivyo mtambo hufeli mapema zaidi jaribio la IAS 36 (kiwango cha kushuka kwa thamani ya mali). Hasara hiyo ni tahadhari halali, japo mzizi wake ni gharama. Kwa hiyo kizigeu kikipungua baada ya kuongeza mauzo, usiandike kwamba tahadhari haipo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni bei. Hisa nyingi kwetu, Dar hasa, hukaa muda mrefu bila kuuzwa, na bei iliyolala haibebi habari yoyote. Weka kipimo cha pili kisichotegemea soko, cha Ball na Shivakumar (2005): malimbikizo ya kihasibu (sehemu ya faida isiyo fedha taslimu) dhidi ya fedha za uendeshaji, na kigeu cha fedha hasi. Vile vigeu vya mauzo viweke na humo.

MwanaTasnifu
Asanteni sana. Benki nizibakize?

Mizania
Zitoe. Mauzo yao si mauzo ya kiwanda, na IFRS 9 (kiwango cha kimataifa cha vyombo vya fedha) ilibadilisha namna ya kutenga hasara za mikopo kuanzia Januari 2018, kwa hiyo mfululizo wao umekatika katikati. Bima nazo vilevile. Utabaki na kampuni chache. Usigawanye kwa sekta, weka viwanda kama kigeu kimoja tu. Na mauzo yapunguze kwanza kwa mfumuko wa bei, la sivyo mwaka ambao mauzo halisi yameshuka utaonekana yamepanda.